Yuriki asidi yangu imesoma 512, je moyo ndo umeshaharibika?

Sista shikamoo, pole na majukumu. Mimi ni mwanaume wa miaka 47, nina duka la spea za pikipiki hapa Moshi, nina mke na watoto watatu. Naandika saa hizi za usiku kwa sababu kulala kwenyewe silali.

Iko hivi. Mwezi uliopita kuna watu wa maabara walikuja kanisani kwetu kupima kwa bei ya punguzo, nami nikachukua kile kifurushi kikubwa kabisa nikijua nitaambiwa sukari au kolestro. Majibu yakaja kwenye simu, sukari nzuri, kolestro imezidi kidogo, alafu chini kabisa kuna mstari mwekundu, yuriki asidi 512, pembeni wameweka herufi H. Dada aliyekuwa anaelezea majibu akasema baba hii ipo juu sana punguza nyama, basi, akaita jina la mwingine. Nikamuuliza jirani yangu wa duka, naye alishapima sehemu nyingine, akasema yake ilikuwa 7.1 na daktari alimwambia ipo juu. Sasa Sista kama 7.1 ipo juu, hiyo 512 ni nini, si ndo nimekufa tayari ila sijazikwa?

Kilichonimaliza kabisa ni shemeji yangu. Kaweka kwenye grupu la ukoo la WhatsApp video ya mtu kavaa koti jeupe anasema sisi Waafrika damu yetu ina yuriki asidi nyingi kwa asili na hiyo ndo inaua watu ghafla kwa moyo, siyo mafuta kama tunavyodanganywa. Na mimi kaka yangu mkubwa alifariki mwaka juzi ana miaka 51, alikuwa anafungua geti asubuhi akaanguka, hatukuwahi kufika naye hospitali. Walituambia ni moyo. Basi nikaunganisha mwenyewe.

Tangu hapo nimeacha maharage, mchicha, njegere na dagaa, maana kwenye grupu wamesema vyote hivyo ni sumu. Asubuhi nakunywa maji ya limao na kijiko cha chai cha ile soda ya unga ya kupikia, jioni tena kijiko. Kijana wa famasi kaniuzia alopurinoli, dawa ya kushusha yuriki asidi, za miligramu 300 akasema nimeze moja kila siku maisha yangu yote, bado sijaanza, zipo kwenye droo. Kuna mama mwingine ananiuzia chai ya kusafisha damu, kopo elfu hamsini, anasema ndani ya mwezi mmoja inashuka yote.

Nyama kweli nakula sikatai. Jumamosi tuna kikundi chetu, kitimoto na bia tano sita, na mbege zikitokea sherehe au msiba. Dukani nakunywa soda, kama mbili kwa siku, na hizi za kuongeza nguvu nikizidiwa na kazi. Vidole vya miguu haviumi, sijawahi kuvimba popote. Presha ninayo huu mwaka wa tatu, siku ile kanisani ilisoma 164/98 ila hiyo nimeizoea haijawahi kunisumbua, nina vidonge vya presha vya HCTZ nameza nikisikia kichwa kinauma. Aspirini ile ndogo nameza kila siku tangu kaka afariki, hakuna aliyeniandikia. Mgongo ukikaza nameza diklofenaki.

Naomba unijibu, moyo umeshaharibika? Nianze hizo alopurinoli? Na watoto niwapeleke wakapimwe yuriki asidi? Wa kwanza ana miaka 22.

Mwenye Duka, Moshi

---

Marahaba mdogo wangu, na pole sana ya kaka. Miaka 51 ni mapema mno, na kifo cha namna ile cha mtu anatoka zake asubuhi mzima anaanguka getini kinaacha hofu ndani ya nyumba kwa muda mrefu, kwa hiyo sikushangai kukosa usingizi.

Nianze na 512 maana hiyo nakuondolea sasa hivi. Wewe na jirani yako mmepimiwa kitu kilekile kwa vipimo viwili tofauti, kama mtu anayepima kitambaa kwa futi na mwenzie kwa sentimita. Maabara nyingine wanaandika kwa miligramu kwenye desilita, nyingine kwa maikromoli kwenye lita. Ukitaka kuihamisha yako gawanya kwa 59.5, unapata 8.6. Yake ni 7.1. Umemzidi, ndiyo, lakini si mara sabini kama ulivyokuwa unahesabu kitandani. Kwa mwanaume tunaita juu ikizidi 7, sawa na 420 kwa kipimo chako, na kwa mwanamke ikizidi 6, sawa na 360. Kwa hiyo 8.6 ipo juu kweli, inahitaji kuangaliwa, ila nimefanya kliniki ya presha miaka mingi na watu wenye namba kama hiyo tumekaa nao wamezeeka.

Sasa namba iliyonitoa jasho mimi kwenye barua yako siyo hiyo. Umeandika 164/98 alafu ukaongeza "hiyo nimeizoea". Mdogo wangu, mshipa wa damu haukizoei kitu. Miaka mitatu moyo wako unasukuma damu dhidi ya mzigo usiku na mchana, wewe unameza kidonge siku kichwa kinauma, na presha kwa kawaida haiumizi kichwa, inafanya kazi yake kimya kimya, siku inapoamua kuonekana inaonekana kama kiharusi au moyo kutanuka au figo kuchoka. Yaani umekesha na namba ya chini kabisa ya ripoti, ile ya juu umeipita kama unapita tangazo la barabarani.

Yuriki asidi ni nini kwanza. Chembe za mwili wako zikichakaa zinavunjwa, na ndani yake kuna vitu vinaitwa purini, hivyo vikivunjwa mwisho wake ni yuriki asidi. Sehemu kubwa kama theluthi mbili inatoka humohumo mwilini, kilichobaki ndo kinatoka kwenye chakula. Wanyama wengi wana kimeng'enya cha kuiyeyusha zaidi, hata huyo mbuzi unayemchoma anacho, sisi binadamu na masokwe tulikipoteza zamani sana, kwa hiyo sisi tunategemea kuitoa, sehemu kubwa kwa figo na kiasi kwa njia ya haja kubwa. Na hapa ndo watu wengi hawajui, wengi walio juu shida yao siyo kwamba wanatengeneza nyingi sana, ni figo kuitoa kidogo. Ndo maana mtu anaacha nyama mwezi mzima akirudi kupima namba imeshuka kidogo tu anakata tamaa.

Figo inaizuia kwa sababu gani? Presha yenyewe. Uzito wa tumboni. Pombe. Figo zilizoanza kuchoka. Na dawa! HCTZ uliyonayo inajulikana kabisa kupandisha yuriki asidi, furosemaidi, dawa nyingine ya kukojosha, nayo hivyohivyo, na aspirini ndogo ya kila siku inaifanya figo iishikilie. Sasa wewe una vyote, presha, bia, soda, HCTZ ya kubahatisha, aspirini ya kujiandikia, alafu tunamtafuta mchawi kwenye mchicha. (Hapohapo niseme na wengine mnaosoma, dawa za TB, ile pirazinamidi hasa, zinapandisha sana yuriki asidi, na ukiwa kwenye dozi hiyo usije ukaacha dawa eti kwa sababu ya karatasi ya maabara, ongea na kliniki yako ya TB.)

Turudi kwenye ile video. Hii habari ya damu ya Waafrika kuwa na yuriki asidi nyingi kwa asili mimi naikataa na sababu ninayo. Gauti, ambayo ndo ugonjwa wenyewe wa yuriki asidi, viungo vinavimba na kuuma, madaktari waliofanya kazi Afrika zamani walikuwa wanaandika kwamba ni adimu sana kwa watu weusi huku. Miaka ya 1970 kule Afrika Kusini watafiti walipima Watswana wa kijijini wakapima na watu wa Soweto, wa mjini wakawa juu zaidi. Damu ileile, ngozi ileile, kilichobadilika ni sahani na glasi na kiti cha kukalia. Na Ushelisheli, ambako watu wengi asili yao ni Afrika, walipima watu wa miaka 25 hadi 64 mwaka 1989 wakakuta zaidi ya theluthi ya wanaume wamevuka 420, wanawake hawakufika hata mmoja kati ya kumi waliovuka 360, na iliyokuwa juu ilikuwa inaongozana na mafuta ya damu aina ya trigliseraidi, unene, pombe na presha. Sasa mtu anakuja na koti jeupe anakwambia ni asili yetu, akimaliza anauza kopo.

Je inaua kwa moyo? Hapa niwe mkweli maana si kwamba yote aliyosema kabuni. Ni kweli wenye yuriki asidi ya juu wanaonekana kupata magonjwa ya moyo zaidi ya wenzao, hilo limeonekana kwenye tafiti nyingi, na kuna vijana 30 Marekani wenye presha mpya walipewa alopurinoli, matokeo yakatoka mwaka 2008, presha zao zikashuka kidogo. Watu wakashangilia. Ila watafiti wa Framingham, mji wa hukohuko Marekani, waliofuatilia watu miaka mingi walishasema mwaka 1999 kwamba ukishaitoa presha, dawa za presha na mambo mengine kwenye hesabu, yuriki asidi yenyewe haibaki na kosa la kuhukumiwa. Ubishi ukaendelea mpaka Waingereza wakaamua kujaribu kweli, wakachukua karibu watu 6,000 wa miaka 60 kwenda juu wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo lakini hawana gauti, nusu wakapewa alopurinoli mpaka miligramu 600 kwa siku, wakawafuata karibu miaka 5. Majibu ya 2022, waliopata mshtuko wa moyo au kiharusi au kufa kwa mambo hayo ni asilimia 11.0 kwa waliomeza na asilimia 11.3 kwa ambao hawakumeza. Yaani hamna kitu. Walikuwa wengi wao wazungu, najua utaniuliza, ila ukitaka kuniuzia dawa ya kumeza maisha yote mzigo wa kuonyesha kwamba inafanya kazi ni wa kwako muuzaji.

Wewe mteja akikuletea pikipiki inayotoa moshi mweupe humuuzii eksozi mpya, unamuuliza habari za ringi na oili. Fanya hivyohivyo na hii ripoti.

Na tukisema moyo kwa Waafrika tuseme tunachokijua. Kuna utafiti ulifanyika nchi 9 za Kusini mwa Sahara ukatoka 2005, waliwalinganisha waliopata mshtuko wa moyo kwa mara ya kwanza na wenzao wazima, wakakuta mambo matano tu, sigara, kisukari, presha, kitambi na mafuta ya damu, yanabeba karibu asilimia 90 ya hatari yote. Kwa hiyo na lile la "siyo mafuta" nalo lipeleke kulekule alikotoka. Mwingine wa 2012 ulichukua wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi 9 za Afrika, Kenya na Uganda zikiwemo, wastani wa umri wao miaka 52 hivi, na chanzo kilichoongoza kilikuwa presha, karibu nusu yao. Miaka 52! Ulaya ugonjwa huo ni wa wazee, huku unakuta mtu bado analipa ada. Nawaza kaka yako, sijui kama presha yake ilikuwa inapimwa, muulize shemeji yako mjane taratibu kama kuna kadi ya kliniki ilibaki, au kama alikuwa anachoka akipanda ngazi, analalia mito miwili, miguu inavimba jioni. Hayo daktari atayahitaji kuliko hiyo video, maana ndugu wa damu wa kiume kuondoka kwa moyo kabla ya miaka 55 ni jambo zito kwako na inabidi liandikwe kwenye faili lako.

Basi fanya hivi. Nenda kliniki ya presha wiki hii, hospitali ya wilaya au popote unapotumia bima, na uende na ile ripoti pamoja na dawa zako zote kwenye mfuko, hata hizo za droo. Ukipata mashine ya presha ya kuazima au kununua, ile ya mkono wa juu siyo ya kifundo, jipime asubuhi na jioni kwa wiki nzima, ukae umetulia dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini, usiongee, pima mara mbili uandike zote. Daktari akikuona na karatasi ya hivyo anafanya kazi kwa furaha, nakwambia. Muombe akupime kriatinini na protini kwenye mkojo kujua figo zikoje, potasiamu kwa sababu ya hiyo HCTZ, mafuta ya damu kamili ukiwa umefunga, na ECG, kipimo cha umeme wa moyo. Ikibidi atakutuma kwenye eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti. Hapo ndo utapata jibu la swali lako la kwanza, kama moyo umeguswa au la, yuriki asidi haiwezi kulijibu hata ipimwe mara kumi.

HCTZ usiitupe kwa hasira baada ya kunisoma. Kuna utafiti wa watu weusi 728 katika nchi 6 za Afrika, ulitoka 2019, walijaribu kuchanganya dawa za presha mbilimbili, wale waliopewa amlodipini pamoja na HCTZ walishuka vizuri, na waliopewa amlodipini na perindopri nao hivyohivyo, waliobaki nyuma ni wale ambao amlodipini haikuwemo. Kwa hiyo kwa miili yetu HCTZ ni dawa nzuri ikipewa mwenzie na ikimezwa kila siku, siyo kama panadoli. Ila kwa kuwa yuriki asidi yako iko 8.6 daktari anaweza kuona bora akupe amlodipini na losatani, manake losatani yenyewe ina tabia ya kuisukuma yuriki asidi itoke kwenye mkojo, na hiyo ndo njia ninayoipenda mimi, dawa ya presha inakufanyia kazi mbili. Ila anayeamua ni yeye akishaona figo zako. Dawa yoyote atakayokupa meza kila siku, hata siku unajisikia kama kijana wa jeshi.

Aspirini, hapo nitakuwa mkali. Mtu ambaye hajawahi kupata mshtuko wa moyo wala kiharusi, presha 164, anameza aspirini kila siku pamoja na diklofenaki na bia sita za Jumamosi, huyo anatafuta kuvuja damu tumboni au kichwani. Simamisha mpaka daktari akwambie vingine. Na diklofenaki ndo kabisa, inapandisha presha, inaumiza figo, na yenyewe inajulikana kuongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Mgongo wako wa kukaa kwenye kistuli siku nzima unataka kusimama na kutembea, na ukishindwa parasetamo.

Alopurinoli sasa. Usianze. Si dawa mbaya, kwa mwenye gauti ni mkombozi, lakini wewe huna gauti. Wengi wenye yuriki asidi ya juu hawapati gauti maisha yao yote, na miongozo ya wataalamu wa viungo, ya Marekani ya 2020 kwa mfano, inashauri mtu asiye na dalili asipewe dawa ya kushusha. Tena hata mwenye gauti haanzishwi na 300 moja kwa moja kama ulivyoelekezwa dirishani, anaanza 100 au chini yake inapandishwa polepole huku anapimwa, lengo ishuke chini ya 6, yaani 360. Sababu ni kwamba watu wachache inawaletea mzio mbaya sana, ngozi inababuka, mdomo na macho yanatoka vidonda, homa, wengine wanakufa. Kuna kinasaba fulani cha kurithi kinachoongeza hatari hiyo na kwa Wamarekani weusi kinapatikana zaidi kuliko kwa wazungu, mpaka wanashauriwa wapimwe kabla ya kuanza. Kwa hiyo kuuziwa kama pipi sikubali. Siku ukiamka kidole gumba cha mguu kimevimba, chekundu, kinaungua hata shuka likigusa unapiga kelele, hapo nenda hospitali, hapo mazungumzo ya alopurinoli yanaanza upya, hali kadhalika ukipata mawe ya figo.

Ile soda ya unga acha leo. Kijiko cha chai kimoja kina miligramu kama 1,260 za sodiamu, vijiko viwili umeshavuka 2,500, wakati Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidi 2,000 kwa siku nzima kwa vyakula vyote. Yaani umechukua presha ya 164 ukaimwagia chumvi kwa jina lingine. Magadi kwenye ndizi na maharage ni jamii hiyohiyo, mwambie mama wa nyumbani apunguze, na chumvi ya kunyunyizia kitimoto hivyohivyo. Limao lenyewe halina shida kunywa tu. Chai ya elfu hamsini mwambie huyo mama hujajaliwa kwa sasa, hizi dawa za kusafisha damu tumewapokea watu wodini figo zimegoma na hakuna anayejua ndani ya kopo kulikuwa na nini.

Chakula, rudisha maharage yako, mchicha na njegere. Ni kweli vina purini ila kuna wanaume zaidi ya 47,000 huko Marekani walifuatiliwa miaka 12, matokeo yakachapishwa 2004, mboga zenye purini hazikuwapandishia gauti, kilichopandisha ni nyama na vyakula vya baharini, na waliokunywa maziwa walikuwa na nafuu. Kwa moyo wako maharage ni rafiki kuliko hiyo nafasi uliyoiacha ukajaza chipsi. Dagaa usiogope, kiasi mara moja mbili kwa wiki, siyo sinia. Maini, figo, utumbo, supu ya makongoro kila asubuhi, hivyo ndo vya kupunguza kweli. Mtori kula, nyama iwe vipande siyo mlima. Kahawa yenu wenyewe ya mlimani mnaiuza yote nje alafu mnakunywa soda, wakati wanywaji wa kahawa ndo wanaonekana kuwa na yuriki asidi ya chini, ajabu hii.

Soda ndo nakuomba sana. Watu hawaihesabu kwa sababu si nyama. Chupa moja ina sukari kama vijiko vya chai 8 au 9, nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na fruktosi ikifika kwenye ini inatengeneza yuriki asidi moja kwa moja huku inakujazia kitambi, na mbili kwa siku kwa siku sita za kazi si kidogo. Zile za kuongeza nguvu zina sukari pamoja na kafeini nyingi, kwa presha yako sizitaki hata kuzisikia. Bia ni mbaya zaidi ya pombe nyingine kwenye jambo hili maana ina pombe na ina purini zake pia. Sikutoi kwenye kikundi chako, marafiki nao ni dawa, ila kutoka sita uje mbili, na maji katikati. Mbege za msibani kikombe kimoja cha heshima kinatosha, hakuna anayehesabu.

Kitambi hukukitaja na ukimya wako umenijibu. Punguza polepole, usifunge siku tatu bila kula kutafuta matokeo ya haraka, kufunga kwa nguvu namna hiyo yuriki asidi inapanda. Funga duka nusu saa mapema tembea kwenda nyumbani.

Ukisikia kifua kinabana kama kuna mtu kakikalia, maumivu yanakwenda begani au tayani, jasho la baridi, pumzi inakata, au mdomo umeenda upande na mkono hauna nguvu, hapo usiniandikie mimi, hospitali muda huohuo na asikuache mtu ulale kwanza.

Watoto usiwapeleke kupima yuriki asidi, utapoteza hela na kuwapa woga wa bure. Huyo wa miaka 22 apimwe presha na uzito, kwa habari ya baba yake mkubwa na ya kwako anastahili kupimwa kila mwaka, na kama anavuta sigara au anashinda na hizo soda za kuongeza nguvu kama baba yake mwambie Sista kauliza. Wadogo waache wacheze mpira.